Kashinda Dereva au Mfuko?

Nazungumza nanyi nyote wa Makunduchi, wa Kajengwa na Nganani, wa Mzuri na Tasani, na jirani zetu wa Mtende, Kizimkazi na Jambiani. Na wewe uliyemo ndani ya gari ya 310 unarudi kutoka mjini, dereva kakufungulia redio, karibu na wewe tuzungumze.

Leo nimekuja na jambo ambalo wakubwa wengi tunalipita tu. Tunawaona vijana barazani wameinamia simu, tunasema watoto wa siku hizi, tunakwenda zetu. Nataka tuzungumze gemu za mbio za gari. Zile ambazo kijana anaishika simu kwa mikono miwili, anaiinamisha huku na huku, na mwili wote unainama pamoja nayo. Swali langu ni moja, na nitalirudia ili hata aliyechelewa kufungua redio alipate: katika mbio hizi, anayeshinda ni dereva au ni mfuko?

Nauliza kwa sababu vijana wenyewe wanauliza. Wasikilizeni wakibishana. Mmoja anasema, "Nimekufunga." Mwenzake anamjibu, "Hujanifunga wewe, imenifunga gari yako." Hebu tulisikilize tena jibu hilo: hujanifunga wewe, imenifunga gari yako. Hapo hapo barazani, mtoto wa skuli amesema jambo ambalo waandaaji wa mbio kubwa za gari duniani wamelihangaikia miaka na miaka, na mpaka leo hawajalimaliza.

Sasa bi mkubwa unayenisikiliza huku unaanika dagaa, sitaki nikuache njiani. Nitakueleza gemu zenyewe zilivyo. Tuchukue moja nyepesi, iitwayo Hill Climb Racing. Ilitoka mwaka 2012, imetengenezwa na kampuni ya Fingersoft ya Finland. Haihitaji simu ya bei kubwa, na inachezeka bila ya intaneti, kwa hiyo hata ambaye bando limemwishia anacheza. Unapewa kijigari, unapanda vilima na kuteremka, unaokota koini njiani, na mafuta yakikwisha na wewe umekwisha. Zile koini unakwenda nazo gereji iliyomo ndani ya gemu. Unaongeza nguvu ya injini, unatia springi nzuri, unatia matairi yanayoshika ardhi. Kisha unarudi mlimani, na kile kilima kilichokushinda jana, leo unakipanda mpaka juu.

Hii ni raha, jamani, na mimi sina neno nayo. Nalisema mapema ili nisije nikafahamika vibaya: gereji ndani ya gemu si kosa. Mtu kukichukua chombo kibovu, akakitengeneza kidogo kidogo kikawa kizuri, ni furaha ya halali kabisa. Na ukicheza peke yako unashindana na kilima, na kilima hakidhulumiki. Ukikipanda kwa injini ya levo ya kwanza au ya mwisho, hakuna mtu aliyepoteza kitu.

Mambo yanabadilika anapoingia mtu wa pili. Akishaingia mtu wa pili, pana mstari wa kuanzia, pana wa kwanza na wa mwisho, na pana anayetangazwa bingwa. Hapo ndipo lile swali linapokuja: kashinda dereva au mfuko?

Tuiangalie gereji kwa karibu. Nguvu ya gari inatoka wapi? Kuna nguvu inayotoka kwenye maarifa. Katika gemu kama Gran Turismo, mchezaji anaweza kurefusha gia au kuzifupisha, kulegeza springi au kuzikaza, kushusha gari chini ili isiyumbe kwenye kona. Hilo haliji bure. Lazima ujue kwa nini gari inateleza mkia, lazima ujaribu, ukosee, ujaribu tena. Kijana aliyeiseti gari yake vizuri akakupita kwenye kona, huyo kakushinda kihalali. Huo ni ufundi, na ufundi ni sehemu ya mbio toka gari zilipoanza kukimbizana.

Ipo nguvu inayotoka kwenye pesa. Hii ndiyo inayoliza watu. Mwaka 2013 ilitoka gemu ya Real Racing 3, nzuri sana kuiangalia. Lakini gari yako ilipohitaji sevisi, fundi wa ndani ya gemu alikuwa anakwambia usubiri. Si dakika za kuhesabu kwa vidole tu, wakati mwengine zilikuwa saa, saa za kweli za ukutani. Hutaki kusubiri? Lipa. Unataka kifaa kipya kifungwe sasa hivi? Lipa. Ikaja Asphalt 9 ya kampuni ya Gameloft, mwaka 2018. Pale gari nyingi hupewi nzima. Unakusanya ramani zake kipande kipande, na vipande vyengine vimo ndani ya pakiti ambayo hujui ina nini mpaka uifungue. Pakiti hizo zinaweza kukugharimu pesa.

Hebu tusimame hapa kidogo. Unatoa pesa, unanunua kitu usichokijua, labda utapata gari, labda utapata takataka. Wasikilizaji, sisi watoto wetu wanakwenda chuoni, na suala la biashara ya kitu kisichojulikana si geni kwa masheikh wetu. Wao watatufahamisha kwa upande wa dini kuliko nitakavyoweza mimi. Lakini hata Ubelgiji, nchi isiyofuata fikihi yetu, mwaka 2018 tume yake ya michezo ya kamari ilizichunguza pakiti za namna hii katika baadhi ya gemu kubwa, ikasema hii ni kamari, iondolewe. Wazungu wameiita kamari kwa sheria zao. Sisi tunamwachia mtoto wa miaka 12 simu ya baba yake yenye pesa ndani.

Na ipo nguvu ya tatu, ambayo watu wengi wanaiona ni ya haki, na mimi nataka tuitazame vizuri: nguvu inayotoka kwenye muda. Wanasema, "Fulani hakununua, kacheza sana, kaipata kwa jasho lake." Sawa, lakini muda nao ni mali, wasikilizaji. Tuchukue vijana wawili. Mmoja asubuhi yuko skuli, alasiri yuko chuoni, na bamvua likija anamsaidia mama yake kwenye mwani. Akishika simu, kashika usiku, kidogo, na usingizi umemjaa. Mwengine hana kazi wala shughuli, anacheza kutwa. Baada ya mwezi gari ya huyu wa pili ina nguvu maradufu. Je, huyu ni dereva bora, au ni mtu mwenye nafasi zaidi? Mimi naona tunamwadhibu mtoto kwa kumsaidia mama yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba ukizuia kununua tu, haki imekamilika. Bado haijakamilika.

Na hapo sijasema simu yenyewe. Simu moja inaonyesha picha laini kama maji, nyengine inakwama kila gari zikiwa nyingi. Sijasema mtandao. Unabonyeza breki hapa Makunduchi, habari inakwenda mpaka kwenye seva iliyoko nchi ya mbali, inarudi, na wewe ushaingia ukutani. Katika Hill Climb Racing 2 wamelikwepa tatizo hili kwa akili nzuri: mara nyingi wale unaowaona mbele yako si watu wanaocheza wakati ule, ni mbio zao zilizorekodiwa, kwa hiyo mtandao mzito haukuponzi. Nasema hili ili tujue kwamba watengenezaji wakitaka kumjali mchezaji wa kijijini, njia zipo.

Sasa tutoke kwenye simu, twende barabarani, kwenye vumbi lenyewe. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokuwa anakaribia kutawazwa, madereva wa Afrika Mashariki walianzisha mbio za kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndizo tulizokuja kuzijua kwa jina la Safari Rally. Wazee wangu, jina hilo mnalikumbuka. Basi walioziandaa walikutana na ubishi ule ule wa vijana wetu wa barazani. Mtu mmoja anakuja na gari ya fahari, mwengine kaja na gari ya kwendea kazini. Utawapangaje? Kwengine watu walizoea kuzigawa gari kwa ukubwa wa injini. Hawa wa kwetu wakazigawa kwa bei ya dukani. Gari za bei ya juu na wenzao, za bei ya chini na wenzao.

Mnaona uzuri wake? Hawakujidanganya kwamba pesa haina nguvu. Waliikubali pesa kuwa ni nguvu kama injini ilivyo nguvu, wakaipima, wakaitengea daraja lake. Na barabara zetu zile, za matope na mashimo, zikafanya kazi iliyobaki. Mwaka wa pili, 1954, aliyewashinda wote alikuwa Vic Preston, na gari yake ni Volkswagen, ile ndogo ya mgongo wa mviringo. Mwaka 1965 akashinda Joginder Singh wa Kenya, yeye na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo ambayo haikuwa mpya, imeshapita katika mikono ya wengine. Alikuwa fundi wa gari. Alijua nini kitavunjika kabla hakijavunjika. Kashinda dereva au mfuko? Mwaka ule jibu halikuwa na shaka.

Mpaka mwaka 1971, hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyewahi kuishinda Safari. Wa mwanzo alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, na Ford Escort. Hata baada ya hapo wa kwetu waliendelea kutamba. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda 1973, kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982.

Halafu ikawaje? Viwanda vikaja kwa nguvu zote. Vikaja na gari zilizotengenezwa kwa kazi ile tu, na mafundi wa kufuata nyuma, na helikopta juu inayomwambia dereva mbele kuna ng'ombe, mbele kuna mto. Kuanzia 1983 mpaka 2002, miaka 20, mwana wa Afrika Mashariki aliyeishinda Safari ni mmoja tu, Ian Duncan wa Kenya, mwaka 1994.

Nakuulizeni: madereva wetu walisahau kuendesha mwaka 1983? Barabara za nyumbani kwao ziliwakataa ghafla? Sisemi wageni hawakuwa hodari. Walikuwa hodari sana, na wageni walioshinda, kama Mikkola na Juha Kankkunen, wanastahili heshima yao yote. Lakini huyo Duncan mwaka aliposhinda alikuwa na Toyota Celica ya turbo, gari ya kufanana na za wenzake. Alipopata chombo, mkono ulionekana. Wangapi hawakukipata, na mikono yao hatutaijua kamwe? Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo linaloniuma pia nikiwatazama vijana wa hapa. Gari isiyo sawa inafanya zaidi ya kumpa ushindi mwenye nacho. Inatuficha aliye hodari. Tunabaki hatumjui, na yeye mwenyewe hajijui.

Basi dunia imefanya nini? Katika mbio za gari za daraja linaloitwa GT3, lililoanza mwaka 2006, wasimamizi wanazisawazisha gari. Iliyo nyepesi mno inatiwa uzito, yenye nguvu mno inapunguziwa pumzi ya injini, mpaka Ferrari na Porsche na nyenginezo zinakaribiana. Gran Turismo imechukua fikra hiyo hiyo kwenye mbio zake nyingi za mtandaoni. Kompyuta inazisawazisha gari, na mara nyengine gereji inafungwa kabisa, huwezi kugusa kitu, na hata kama gari huna, unaazimwa. Hapo ukishindwa, umeshindwa. Huna pa kulalamikia. Ipo na njia ya Mario Kart, ya tangu mwaka 1992, ambapo aliyeachwa nyuma anapewa msaada mkubwa kuliko aliye mbele. Inachekesha, watoto wadogo wanaipenda, lakini kwa mashindano ya kweli mimi siichagui.

Na msidhani kwamba mchezaji hana sauti. Gran Turismo 7 ilitoka mwezi wa Machi, 2022. Hata mwezi haujapita, zawadi za mbio kadhaa zikapunguzwa, gari za thamani zikawa mbali, na huku koini zinauzwa kwa pesa za kweli. Wachezaji wakapiga kelele dunia nzima. Kazunori Yamauchi, mkuu wa gemu hiyo, akaomba radhi, wachezaji walioathirika wakapewa koini milioni 1 kila mmoja, na zawadi zikapandishwa tena. Walisema, wakasikilizwa.

Sasa turudi hapa hapa kwetu. Kila mwaka mwezi wa Julai tunaoga mwaka. Wageni wanamiminika kutoka mjini na nje ya nchi kuja kuutazama Mwaka Kogwa, na jambo la kwanza wanalolipigia picha ni vijana wa pande mbili wanaopigana kwa magomba. Wengi wanaona fujo. Mimi nikiangalia naona haki. Tajiri ana gomba, mvuvi ana gomba, na hakuna gomba linalouzwa ghali kwa kuwa ni gumu zaidi. Mnapigana, mnamalizana kinyongo, mwaka unaanza. Wazee wetu waliokipanga kile kitu walijua kwamba ugomvi hauishi moyoni ikiwa mmoja alikuja na silaha tofauti. Aliyeshindwa kwa gomba sawa na lake anacheka. Aliyeshindwa kwa kitu asichokuwa nacho analala nacho rohoni.

Nimeambiwa vijana wanataka kufanya mashindano yao ya gemu, siku za skukuu. Nafurahi, na naomba wasaidiwe ukumbi na umeme. Lakini nina mambo ya kuwaomba na wao. Kwanza, wachague gari moja, wote waendeshe hiyo hiyo, gereji ifungwe. Kama gemu haina njia ya kuifunga, basi watumie simu mbili zilizo sawa, zenye gari za levo sawa, na kila mchezaji azishike hizo hizo kwa zamu. Asije mtu na simu yake. Hilo linaondoa pesa, linaondoa muda, linaondoa na mtandao kwa mpigo mmoja.

Pili, na hili nalisisitiza kwa sababu sitaki ufundi udharauliwe: wafanye na mashindano ya gereji peke yake. Kila mmoja apewe koini zile zile, aambiwe, "Hizi ndizo zako, tengeneza gari." Atie kwenye injini au atie kwenye matairi, shauri yake. Kisha ziingie mlimani. Hapo tutajua nani ana akili ya fundi. Pengine mshindi wa mbio na mshindi wa gereji watakuwa watu wawili tofauti, na pengine huyu wa gereji ni msichana ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapenda gari. Nawaomba wasichana waalikwe kwa jina, wasingojee kuona kama pana nafasi.

Najua yupo kijana ananisikiliza anasema, "Pesa ni yangu, nimeifanyia kazi hotelini Paje, nimenunua gari yangu, kwa nini nizuiwe?" Mwanangu, hujazuiwa. Pesa ni yako na gari ni yako. Wenye gari za namna hiyo wawekewe daraja lao, mshindane nyinyi kwa nyinyi, kama zilivyofanywa gari za mwaka 1953. Kitu ninachokikataa ni wewe kupangwa mstari mmoja na mwenye gari ya bure, kisha tukupigie makofi kana kwamba mlianza pamoja. Hata wewe mwenyewe, ukikaa peke yako, utataka kujua kama ungemfunga mkiwa na gari sawa.

Na wazazi, ombi moja dogo. Namba ya siri ya pesa za kwenye simu isikae kwa mtoto. Na kabla hujamkasirikia kwa pesa zilizotoka, muulize alinunua nini, na nani alikuwa anamshinda. Utashangaa jinsi alivyokuwa anaumia.

Wakati wangu unakaribia kwisha. Ikiwa umewahi kusimamia mashindano ya gemu, Jambiani, Kizimkazi, mjini, popote, tuandikie utuambie mlizifanyaje gari ziwe sawa, na ubishi ulitokea wapi. Khasa nataka kujua mliamua vipi pale simu ilipokwama katikati ya mbio: mlirudia, au mlimhesabia mtu kashindwa? Barua na jumbe zenu nitazisoma hapa hapa juma lijalo, saa hizi hizi, inshaallah.